Mpera Uliozaa Bila Kuchapwa Mkanda

Kwa Mwalimu Mkuu wa chekechea yetu, Bi Refugio Equihua,

Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba paa la darasa limeacha kuvuja. Mimi mwili ni mzima. Kilichoumia ni heshima yangu.

Kama ujuavyo, mimi ndiye mpiga miti wa mtaa huu, kama marehemu baba yangu. Kila Sikukuu ya Mtakatifu Yohana huitwa nije na mkanda wangu, nikauchapa mti usiozaa mbele ya wenyewe, nikiufokea, "Huoni haya? Mwaka mzima unakula udongo wa watu bure!" Mti huona aibu, ukazaa. Nami hupewa bakuli la pozole, ile supu yetu ya mahindi na nyama, na kiti cha mbele. Sasa mwalimu wako Amparo ameamua kunimaliza.

1. Amewafundisha watoto wadogo kuuliza "Kwa nini?" Mjukuu wangu Tsitsiki alinitazama nikiuchapa mmoja wa mipera miwili isiyozaa ya jirani yetu Bi Chayo, akasema, "Babu, ule mwingine usiupige. Tuone." Tuone! Tangu lini mtoto anataka kuona wakati nimeshamwambia?

2. Bi Chayo, badala ya kumfukuza, alicheka akakubali. Darasa zima likaja na makopo, likaimwagilia mipera yote miwili, maji sawasawa, wakigombania zamu. Yote ikazaa. Nikawaeleza kwa upole kwamba wa pili umezaa kwa woga, kwa kuwa ulishuhudia yaliyompata mwenzake. Mtu mzima angeridhika.

3. Hawakuridhika. Kumbe siku zote hizo walikuwa wakimwagilia mpera mwingine mvivu, nyuma ya ukuta wa kanisa, ambao haukuona kitu. Nao ukazaa. Nikasema ulisikia. Basi, Bi Refugio, kitoto kimoja chenye kamasi, cha fundi viatu, kikaniuliza masikio ya mpera yako wapi! Nikaonyesha tawi, nifanyeje? Wakalichunguza jani kwa jani, wakarudi kunipa pole.

4. Jumapili Bi Chayo aliniambia mbele ya watu, "Mzee Crisóforo, mwakani njoo na ndoo, mkanda acha nyumbani." Alicheka hata padri. Niliumia sana. Nisipoitwa kupiga miti, mimi ni nani? Mzee tu mwenye mkanda wa kushikia suruali.

Kwa hiyo naomba neno "kwa nini" lipigwe marufuku chekechea mpaka watoto wamalize kung'oka meno ya utoto. Yale makopo ya maharage wanayootesha kwenye pamba yaondolewe dirishani. Na Mwalimu Amparo afundishe nyimbo, maana wimbo haujamwaibisha mzee yeyote.

Nisalimie walimu wote, mpishi, mlinzi, na hata Mwalimu Amparo, kwa kiasi.

Wako niliyeonewa,
Crisóforo Tzintzun,
Mpiga Miti

Nyongeza: Ili kuthibitisha kwamba mmea hauoti bila hofu, nililiweka harage moja kwenye pamba yenye maji, ndani ya kabati la nguo, lisione mtu wala kusikia neno. Sikulitisha hata kidogo. Leo asubuhi nimefungua: limeota! Jembamba, jeupe, limejikunja lote kuelekea ufa wa mlango. Nimelitazama mpaka kahawa ikapoa. Tafadhali usimwambie mtu, ila mwulize Mwalimu Amparo kama Jumatatu atakuwa na kiti cha mtu mzima. Nina swali moja tu: kwa nini limeinamia kule?