Rido za Tausi na Posa ya Médiatrice

Jumatatu, 3 Juni 1991. Remera.

Msiba! Jirani yangu Jean-Berchmans ameweka rido za neti. Nyeupe, nyepesi kama mvuke wa chai, madirisha yote matatu ya mbele. Hadi jana nilikuwa nakaa barazani kwangu na kujua familia ile inakula nini, nani amenuna, nani amesinzia kwenye kiti mdomo wazi. Leo sioni kitu. Weupe mtupu! Na wao, naapa, wananiona.

Mke wangu Spéciose amesema neti si dhambi. Amesema pia kwamba dirisha letu la sebuleni limefunikwa kitenge cha zamani chenye jogoo asiye na kichwa, na Jumapili wageni wa posa wanakuja. Watatu: Hakizimana, mwalimu anayemtaka binti yetu Médiatrice, mjomba wake Théoneste, ndiye msemaji, na shangazi yake, bibi Pudentienne. Wamkute huyo jogoo?

Nimeamua. Neti! Si kwa urembo. Kwa akili. Mwenye neti huona bila kuonekana.

Jumanne, 4 Juni.

Nimemwambia bosi, ofisini Kacyiru, kwamba jino linauma. Nikashuka mjini sokoni. Spéciose alikuwa amenipa kamba aliyopimia dirisha. Nikaiacha mezani makusudi. Miaka kumi na tisa niko ofisi ya ramani! Nimepima milima. Au tuseme nimepanga kabatini karatasi za waliopima milima.

Muuza rido anaitwa Scovia, mama mcheshi aliyekulia Kampala. “Muzee, dirisha yako iko kubwa namna gani?” Nikapanua mikono. Akasema wote wanaopanua mikono hurudi kesho yake. Dharau! Akanionyesha neti ya maua madogo madogo, ile hasa aliyoitaka Spéciose. Nikauliza jirani yangu alinunua ipi. Akasema hamjui. Nikachukua ya tausi. Tausi wawili wakubwa wanatazamana, mikia wameitandaza. Ndege wa wafalme!

Nikamwuliza kama mtu aliye nje ataona ndani. Akasema mchana hapana, ila inategemea... Nikamkatiza. Jibu nilishalipata.

Jumatano, 5 Juni.

Neti ni fupi. Tausi wamefika katikati ya dirisha wakagoma. Spéciose ameinua kamba yake, akaitazama, akaiweka chini. Ukimya wa mwanamke yule unauma kuliko fimbo.

Lakini mimi Rugamba sikosi wazo. Nani kasema rido lazima ianzie juu? Yangu imeanzia katikati, inashuka. Nimepigilia misumari miwili, nikavuta waya wa springi. Msumari wa pili ukatoka na kipande cha plasta ukubwa wa sahani. Waya ukafyatuka. Nikajikuta sakafuni nimeviringishwa kwenye tausi. Médiatrice akaja mbio kuuliza kama nimeumia. Mama yake akauliza kama neti imechanika.

Jioni imesimama. Upande wa kushoto umeshuka kidogo. Nimewaeleza kwamba dirisha ndilo limepinda.

Alhamisi, 6 Juni.

Jaribio. Saa sita mchana nimekaa ndani nyuma ya neti, Médiatrice nimemsimamisha nje juani. Nikamwonyesha vidole, nikamwuliza vingapi. “Baba, sikuoni kabisa.” Furaha! Nikatoa ulimi. Hakuona. Akapita Jean-Berchmans, nikamtolea na yeye. Akaendelea zake kama mjinga. Siku tamu kuliko zote mwaka huu.

Ndipo nikamfunulia Spéciose mpango wangu. Tukishazungumza Jumapili, wenyeji hutoka ili wageni washauriane. Nitatoka. Nitazunguka nyumba, nitachuchumaa barazani nyuma ya neti, nitasikia mwisho wao ni ng'ombe wangapi wa mahari. Kisha nitadai hao hao. Hapungui hata ndama!

Spéciose akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nimefikiri kuliko ukoo mzima. Lakini Médiatrice, aliyekuwa mlangoni, macho yalimjaa machozi. Anaogopa nitadai kundi zima na Hakizimana atarudishwa kwao. Nikamwambia asiogope, baba yake ana neti. Akalia zaidi.

Jumamosi, 8 Juni.

Jean-Berchmans amekuja kuazima nyundo. Akatazama dirisha langu muda mrefu. Akauliza kwa nini limevaa sketi bila blauzi. Nikamwambia ndio mtindo wa Brussels. Nyundo sikumpa.

Jumapili, 9 Juni. Siku ya ushindi!

Wamefika saa saba. Bia ya Primus, Fanta, maandazi. Théoneste akawasifia tausi. Bibi Pudentienne akauliza wameshushwa kwa kosa gani. Nikacheka kistaarabu, kisha nikatamka: ng'ombe wanane. Hakizimana akashika magoti. Médiatrice akabana trei kifuani kama ngao. Nikaomba radhi, nikasema tunawaachia nafasi.

Nikazunguka nyumba kwa kunyata. Barazani nikachuchumaa, sikio kwenye neti. Jua lilinichoma kisogo. Wao niliwaona kama vivuli tu, lakini dirisha lilikuwa wazi na Théoneste ana sauti ya mchungaji aliye mlima wa pili. “Wanane? Hapana! Tukiambiwa zaidi ya wawili tunainuka, na kijana tunamtafutia mke Butare!”

Wawili! Ndio mwisho wao! Nusura nipige vigelegele.

Bibi Pudentienne akapunga mkono upande wangu. Nzi, bila shaka. Kisha akasema taratibu, “Na yule anayechuchumaa juani apewe kofia.” Methali! Sijawahi kuisikia. Ina uzito. Nimeiandika ili nije kuitumia harusini. Hakizimana akashikwa na kikohozi kibaya, akajifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Nitamwambia Médiatrice amchemshie tangawizi.

Nikarudi ndani, nikakaa kama hakimu. Kisha nikasema nimeguswa moyoni. Wawili. Lakini wawili kamili, simpunguzii mtu hata kwato! Théoneste akainamisha kichwa kuficha uchungu. Akakubali hapo hapo. Nimewabana!

Médiatrice akanirukia shingoni. Hajanikumbatia hivyo tangu alipong'oka meno ya utoto. Alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, na mimi macho yakaniwasha. Vumbi la kiangazi.

Jumatatu, 10 Juni.

Spéciose ameniambia asubuhi, wakati nanyoa ndevu. Nimejikata mara mbili.

Waliniona! Wote watatu. Sikio, upara, viatu. Anasema neti humficha aliye kwenye kivuli, na mimi nilikuwa juani kama nguo iliyoanikwa. Tena Ijumaa Médiatrice alikwenda mwenyewe kwa Hakizimana kumweleza nitachuchumaa wapi na saa ngapi. Théoneste alikuja tayari kutoa wanne. Kelele zile zilipigwa ili nisikie mimi. Kofia ile ilikuwa yangu! Spéciose akaongeza kwamba watu wenye moyo wa kucheka namna hiyo watamtunza mtoto wetu vizuri, na kwamba ng'ombe wawili na amani ni mali. Akanifuta damu shavuni.

Nikakaa kitandani. Nikafikiri kwa muda mrefu, kwa unyenyekevu, kama mtu anayetubu.

Nimelipata kosa. Neti niliitundika kinyume. Upande wa kuona ulikuwa ndani, upande wa kuonwa ukawa nje. Kosa dogo, la fundi yeyote!

Mwezi ujao tunakwenda kwa wakwe kupanga siku ya harusi na kujua nani atalisha wageni. Nimempelekea Théoneste barua ya heshima: tutakuja na zawadi, rido za neti za sebule nzima, nami nitazitundika kwa mikono yangu. Chini ya sahihi nimeuliza tu, kwa upole, kama kwao kuna baraza.