Kondoo Dume Aliyeangushwa kwa Risasi Isiyofaa

Shamba la Stidham,
Milima ya Davis, Texas.
Tarehe 9 Machi

Kwa Bi Lurline Kuykendall,
Mhariri, gazeti la Mwangwi wa Milimani.

Mheshimiwa Mhariri,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima na mtambo wako wa kuchapia umepona. Mimi ni mzima, isipokuwa bega lililopigwa teke na bunduki yangu. Naandika kwa heshima zote kulalamikia habari uliyoitoa ukurasa wa kwanza wiki iliyopita, "Bi Oleta Stidham Aangusha Aoudad kwa Risasi Moja." Bi Oleta ni mke wangu, na ndoa yetu ina miaka thelathini na minane. Aoudad ni yule kondoo pori wetu mwenye pembe kama usukani wa lori na ndevu zinazoshuka kifuani hadi magotini, ambaye babu zake waliletwa hapa kutoka Afrika Kaskazini, na tangu hapo hajakubali kufa kwa utaratibu. Sina ugomvi na mke wangu wala na Afrika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Habari haikukamilika. Uliandika kwamba risasi ilikuwa moja. Zilikuwa nne. Tatu za mwanzo nilizipiga mimi, kwa bunduki yangu kubwa ya 300 Magnum, na hukuzitaja hata kwa adabu. Ya kwanza ilipiga mwamba. Ya pili iliinua vumbi zuri sana. Ya tatu mpaka leo sijapata taarifa zake. Dume alikuwa amesimama ng'ambo ya korongo, hatua mia mbili hivi, akitutazama kama mtu anayesubiri zamu yake posta. Hapo ndipo mke wangu aliposema, "Verlon, umemaliza? Haya, sogea huko." Akalaza kibunduki chake cha 243, chenye risasi nyembamba kama penseli, juu ya mfuko wa chakula chetu, akapiga. Dume alikwenda hatua tatu, akakaa chini, akalala. Jirani yetu Cruz Baeza, aliyeshika darubini, akasema, "Mzee, huyo kaenda." Nikamwambia anajifanya. Cruz akasema, "Basi anajua kujifanya, maana ulimi uko nje."

2. Risasi yenyewe haifai. Mwezi Januari nilitoa mhadhara wa saa moja na nusu kwenye kituo cha zimamoto, na wewe ulikuwepo, ukala donati mbili. Nilieleza kwa michoro kwamba aoudad ana mifupa minene ya bega, kwamba moyo wake uko mbele na chini zaidi kuliko wa kulungu, na kwamba chochote kilicho chini ya 300 Magnum kitamfanya akohoe tu. Risasi ya 243 ni ya kufukuzia mbweha kwenye banda la kuku. Oleta alikuwa amekaa nyuma akifuma soksi. Alipoulizwa maoni yake alisema, "Mimi napiga pale panapotakiwa kupigwa." Watu wakacheka. Hilo, Mhariri, si jibu la kitaalamu. Haliingii kwenye mchoro wowote.

3. Kazi yangu imeharibika. Nimewaongoza wawindaji milimani humu miaka ishirini na tisa. Juzi alipiga simu daktari wa meno wa Houston. "Wewe ndiye mume wa yule mama?" Nikasema ndimi. "Mpe simu." Waliongea dakika arobaini. Nikamsikia jikoni akimwambia, "Hapana, baba, nunua bunduki ile unayoweza kuipiga bila kufumba macho." Sijui alikuwa anamsema nani.

4. Hili sikutaka kuliandika. Siku kumi na moja zimepita tangu tupige, na Oleta hajanicheka. Wazee wa mkahawani wamenicheka vya kutosha. Mmoja alisimama kumpisha mke wangu kiti, nikabaki nimesimama mimi. Lakini yeye, hata tabasamu. Kila tukimaliza kula ananikanda bega kwa kitambaa cha moto na kuniuliza kama maji yamezidi moto. Angenicheka ningejua pa kuanzia. Naogopa kwamba amejua siku nyingi kuwa mume wake hana shabaha.

Kwa sababu hizo naomba mambo machache. Kwa kuwa hesabu zangu zote zinaonyesha kwamba risasi ya 243 haiwezi kumuua aoudad, gazeti litangaze kwamba dume yule yu hai mpaka wataalamu wathibitishe vinginevyo. Nyama yake iliyomo kwenye friza ihesabiwe kuwa inashikiliwa kwa muda. Kitoweo tulichokula Jumapili kilikuwa cha uchunguzi. Na kwa kuwa yu hai, uwindaji haujaisha. Na kwa kuwa haujaisha, bado ni zamu yangu.

Nisalimie mumeo, mama yako na magoti yake, vijana wa mtamboni, na yule paka anayelala juu ya magazeti yasiyouzika.

Wako mwenye imani na baruti,
Verlon Stidham

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha Cruz alipoingia. Alikuwa anachambua bega la yule dume ili asage soseji, kisu chake kikagonga kitu. Akakiweka mezani: kichwa cha risasi cha shaba tupu, kimechanua kama ua, kimezingirwa na nyama ngumu iliyopona zamani. Si cha Oleta. Chake kilipita mapafuni kikatokea upande wa pili. Ni changu. Risasi zangu nazijaza mwenyewe gerejini, na kila kichwa nakichora msalaba kitakoni. Nilikipiga miaka minne iliyopita, kwa 300 Magnum, na watu wote niliwaambia kwamba dume yule alifia korongoni tukashindwa kumfikia. Kumbe alitembea nacho miaka minne akila majani ya shamba langu.

Oleta alikiosha, akakitia kiganjani mwangu, akanifumba vidole. Akasema, "Ulimpiga, Verlon. Siku ile ulimpiga kweli."

Mhariri, usisahihishe kitu. Yule daktari wa meno anakuja Jumamosi. Oleta atamwongoza. Mimi nitabeba maji.