Sola Iliyokaushwa kwa Upepo wa Didia

Maabara ya Sola,
Kalangalala, Geita.

Ndugu Mkuu wa Chuo,

Shikamoo, na pole kwa majukumu. Kwa heshima zote, naomba Kamati inayokaa Ijumaa imfukuze mwanafunzi wangu Hosiana Masalu, au walau imfelishe. Ametengeneza sola kwenye hewa ya kawaida, na hiyo sola haitaki kufa.

Mkuu, unajua mwenyewe sola za peroviskaiti zilivyo. Dawa inapakwa juu ya kioo, ikikauka inageuza mwanga kuwa umeme. Unyevu ukiigusa, inakuwa njano, kwisha habari. Ndiyo maana chuo kilinunua lile sanduku la kioo lililojaa naitrojeni kavu, na funguo nikapewa mimi. Machungu yangu ni haya:

1. Binti huyu hana subira. Aliomba zamu ya sanduku mara kumi na nne tu, nami kila mara nilimjibu kistaarabu kwamba lina wageni. Na kweli walikuwepo, walikuwa wanapiga nalo picha.

2. Akaenda zake Didia, kwenye banda la bibi yake, Sesilia. Bibi huyo naitrojeni haijui hata kwa sura, ila amekausha michembe ya viazi vitamu miaka sitini. Basi yeye ndiye anayetoa ruhusa ya kazi! Anachukua kipande cha kiazi kilichoanikwa, anakivunja. Kikilia ka, hewa ni kavu, mjukuu aanze. Kikipinda, wote wawili wanakwenda kupalilia karanga. Jamani! Kipimo changu cha unyevu kilikuja kwa ndege, leo kinashindanishwa na viazi.

3. Dawa ikishapakwa, anaipuliza upesi kwa draya ya saluni ya shangazi yake Klara. Kisha anaifunika kwa kioo cha pili na kuziba kingo. Na kwa kuwa dawa ina madini ya risasi, mabaki anayafungia kwenye kopo na kuyarudisha chuoni bila hata kuambiwa. Ujuaji mtupu.

4. Hili ndilo linaloniuma, sitaficha. Kipande chake kimekaa juu ya bati miezi saba, masika yote yamekipiga, na mpaka leo kinawasha redio ya bibi. Sola yenye adabu ingekuwa imeshakufa zamani.

5. Wengine wakisikia je? Kesho mkulima wa Chato atajitengenezea yake, keshokutwa wachimbaji nao, wala hakuna atakayepiga hodi kwangu. Mimi nitabaki na funguo za nini?

Mkimpitisha, mjue mmelidhalilisha sanduku.

Nisalimie walimu wote, Mama Nelly wa mapokezi, na mlinzi wetu Marwa, ambaye hulifuta sanduku vumbi kila asubuhi.

Wako mwenye uchungu na taaluma,
Valerian Mihayo,
Msimamizi wa Sanduku

N.B. Ile sola uliyoisifu mbele ya wageni, hadi ukaniandikia barua ya pongezi, ni ya Hosiana. Za sandukuni zote ziligeuka njano wiki ya kwanza, nikaazima yake na kufuta jina. Sasa nasikia wageni wanarudi Jumatatu, wanataka nitengeneze nyingine wakiniona. Kwa hiyo naomba afukuzwe Jumanne. Na hiyo Jumatatu Bibi Sesilia aje naye, asisahau michembe.