Shule ya Lipa, Juu ya Duka la Mikate

Jumapili, 8 Februari

Mvua tena. Leo nimeamua: mwanangu Lipa ataingia shule kubwa. Wayahudi wote wenye majina hapa Antwerp wanasomesha wavulana wao huko. Jirani yangu Zanvil, muuza kofia kama mimi, ana wawili pale, na haipiti asubuhi bila kunikumbusha. Shemeji Mindl, dada wa marehemu mke wangu Perl, anataka shule ya Rabi Gedalia. Shule gani! Vyumba vichache juu ya duka la mikate, ngazi inalia kila ukikanyaga. Nikamwambia mtoto wangu si andazi. Akanijibu kwamba mtoto wangu hajatamka neno tangu tumzike Perl, na shule kubwa haitamsubiri.

Lakini mpango ninao!

Jumatatu, 9 Februari

Mpango wenyewe: mstari wa kwanza wa Torati. Lipa aukariri, ausome mbele ya mkuu wa shule, basi. Nimemsomea wakati wa chai, wakati wa kuoga, wakati wa kufunga viatu. Ananitazama kwa macho ya mama yake. Midomo haifunguki.

Kwa hiyo, mpango wa pili. Nitajibu mimi, kwa sauti nyembamba, nikijifanya nakohoa. Nimefanya mazoezi dukani. Mteja mmoja amenihurumia, kanipa peremende ya kifua. Dalili njema!

Jumanne, 10 Februari

Aibu! Mkuu wa shule ni mzee, lakini masikio yake ni mazima kuliko nilivyotarajia. Alimuuliza Lipa: hapo mwanzo Mungu aliumba nini? Lipa kimya. Nikainama, nikakohoa, "Mbingu na nchi."

Akamtazama Lipa. Akanitazama mimi. "Bwana Rotenfeld," akasema, "wewe umefaulu. Tatizo umri umekupita."

Kisha, kwa upole ambao ulinichoma zaidi, akaeleza kwamba hawana darasa la mtoto asiyejibu. Mlangoni tukagongana na Zanvil! Nikamwambia nilikuja kukagua vyoo.

Njiani Lipa alishika kidole changu kimoja, hakukiachia mpaka nyumbani. Sikuweza kupanga lolote.

Jumatano, 11 Februari

Mindl katuburuta hadi kwa Rabi Gedalia. Nikamwambia rabi kwamba shule kubwa inatubembeleza, ila bado nalinganisha. Akasema hongera, akanipa kiti cha watoto. Magoti yalinifika kidevuni.

Hakumuuliza Lipa chochote. Alimenya chungwa taratibu, akamwekea kipande kiganjani. Lipa akakitazama. Halafu akasema baraka ya tunda, ile tunayoisema kabla ya kula. Yote! Sauti ilikwaruza kama mlango wa stoo. Lakini hakula. Alikishika tu, akangoja.

Rabi akaitikia, "Amina."

Ndipo akala.

Mindl akageukia dirishani. Baadaye akaniambia Perl ndiye aliyekuwa akimwitikia, kila tunda, kila mkate, na kwamba mezani kwangu siku hizi hakuna anayeitikia. Nilitoka nikakaa ngazini. Nilikuwa na kitu machoni. Unga. Duka la mikate lile, unga unaruka kila mahali.

Rabi alinifuata, akakaa kando yangu. "Mlete kesho, ndugu yangu," akasema. "Akitaka kunyamaza, anyamaze. Tutamngoja."

Alhamisi, 12 Februari

Nimempeleka. Nilibaki nimesimama barabarani, mwavuli mkononi, sikuufungua. Duka langu lilichelewa kufunguliwa. Wateja wangu wote wa leo wamenunua kofia kwa Zanvil. Amwuzie yeyote anayetaka.

Ijumaa, 13 Februari

Naandika haraka, Sabato inakaribia. Lipa amesema nami! Nilikuwa namvua koti akaniambia, "Baba, kule hawana haraka." Nikamkumbatia mpaka akalalamika. Nikamwambia ni kweli kabisa, mtoto hasukumwi, na baba yake ndiye wa kwanza kulijua hilo.

Kisha Zanvil akapita. Eti mwanawe mkubwa atahutubia shule nzima sikukuu ya Purimu. Akauliza Lipa naye atafanya nini kule kwenye mikate, atakanda?

Hotuba ya Lipa nimeshaiandika. Kurasa saba, na shairi mwishoni. Mindl kauliza kama mtoto ameshaambiwa. Nimemjibu ataambiwa Jumapili, alfajiri, mazoezi yakianza.