Kitenge cha Tantine Ndani ya Treni

Baraka, Jumatano, 10 Septemba 2025

Tantine Godelieve, mdogo wa mama yangu, amefika Roma salama. Jumamosi saa nne asubuhi lazima awe kanisani Turini, ampeleke binti yake Solange altareni. Baba ya Solange ni marehemu, hakuna mwingine. Solange amemtumia pasi ya treni kwenye simu. Na familia imemchagua nani kuwa mshauri wa treni? Mimi, Casimir! Nimesoma habari zake wiki nzima.

Binamu Eddy ana wivu. Anadai pasi inalipa safari tu, treni za mbio zinataka uandikishe kiti kando. Nikacheka mpaka nikakohoa. Hapa Baraka, boti ya ziwani ya kwenda Kazimia tunaipandaje? Unatandika kitenge kwenye benchi alfajiri, unaenda kunywa chai. Hakuna anayekigusa, na nahodha haondoki mpaka mwenye kitenge arudi. Nimemwelekeza Tantine hivyohivyo. Achague kitenge kizuri, wamheshimu.

Ijumaa, 12

Mtandao ulikufa tangu jana. Mchana umerudi. Heri usingerudi! Sauti ya Tantine, analia: "We Casimir! Nimetandika kitenge, nimeshuka kununua mukate, treni imeenda! Haikupiga hata honi!"

Nikauliza kitenge gani. Kile cha harusi!

Anasema alipanda treni ya mbio iliyofuata, akakaa dirishani. Akaja bwana mwenye namba ya kiti hicho. Kisha mkagua tiketi: pasi ni nzuri, mama, lakini kiti umeandikisha wapi? Ameshushwa Firenze, katikati ya njia. Eddy akaninyang'anya simu, akamwambia apande treni za polepole, zile za mkoa. Humo pasi inatosha, kila mtu anakaa anapopata. Pisa, Genova, Turini. Mtandao ukafa tena. Mama ameninyima hata salamu. Na akipotea Genova? Ee Mungu, huyu alishawahi kupotea Mboko, penye barabara moja!

Jumamosi, 13

Saa nne. Kimya. Saa nne na nusu, kimya. Nimemwahidi Mungu kufunga siku tatu. Saa tano, picha! Tantine na Solange altareni. Tantine amevaa kitenge cha kwaya, kimepauka, lakini yupo. Alifika jana usiku. Mama anacheka na kulia, anamkumbatia Eddy. Eddy amekalia kiti changu. Machozi yalinitoka na mimi. Nikasema ni moshi.

Jumapili, 14

Habari kubwa! Solange alipita stesheni ya Turini, ofisi ya vitu vilivyosahauliwa. Kitenge kipo! Kilifika Ijumaa mchana, kabla ya Tantine, kimekunjwa vizuri, hakuna aliyekikalia. Nilisema nini mimi? Kitenge kiliheshimiwa. Aliyeharibu ni Tantine na mkate wake. (Kufunga kutaanza kesho. Leo kuna sombe ya majani ya muhogo.)

Kwa safari ya kurudi Roma, Solange amemwandikishia kiti, behewa la tano. Kupoteza muda! Nimemtumia Tantine ujumbe wa siri, Eddy asione. Aende behewa la kwanza, dereva amwone. Na kitenge hapana, kilikuwa chepesi mno, ndiyo maana dereva hakungoja. Safari hii aweke sanduku kwenye kiti, lile lenye pasipoti, ndipo ashuke kunywa chai.