Kadi ya Picha ya Hendibreki

Jumanne asubuhi Waziri alifika kijiweni na simu mkononi, akaanza kutangaza hata kabla hajasalimia mtu.

"Wazee, dunia imeharibika! Kuna kadi ya kompyuta imetoka huko ng'ambo. Kadi moja tu! Ina feni tatu, inakula umeme kuliko pasi, na bei yake unapata bodaboda mpya na helmeti mbili juu."

Jina lake hasa ni Asukile, dereva bodaboda. Tunamwita Waziri kwa sababu hakuna habari inayopita mtaa wetu wa Ilomba bila yeye kuitolea tamko, na hakuna swali ambalo hajui jibu lake, hata kama halijui. Kijiwe chetu ni benchi moja refu nje ya karakana ya mageti ya Saulo, maarufu Grenda. Mimi ni fundi viatu, nashona huku nasikiliza. Kahawa anauza dada Damari.

"Kadi ya nini?" Damari akauliza. "Kama ni za michango ya harusi, hapa ninazo nne, na hakuna hata moja yenye feni."

"Kadi ya picha, dada. Unaipachika kwenye kompyuta, picha za gemu zinakuwa kama unachungulia dirishani."

"Feni tatu kupepea picha?" Grenda akanyanyua miwani yake ya kuchomelea. "Hizo picha zinasikia joto?"

"Gwe Grenda, baki na mageti yako. Mambo ya teknolojia tuachie sisi."

"Sisi nani? Wewe juzi ulitaka kuchaji simu ya batani kwa chaja ya laptopu!"

Pembeni kule Hendibreki akakohoa.

Huyu ni mzee Jailos. Ameendesha malori ya mafuta miaka ishirini na saba, Dar hadi Tunduma, Tunduma hadi Dar, bila kukwaruza hata baiskeli. Halafu mwaka juzi akapanda ngazi kanisani kufunga bango la kwaya, ngazi ikateleza. Goti la kushoto, lile la klachi, likagoma kukunjika mpaka leo. Kampuni ikampumzisha. Akikaa kwenye benchi, mguu unabaki umenyooka mbele kama hendibreki iliyovutwa, na jina likapatikana hapohapo.

"Mimi ninayo," akasema.

"Unayo nini, mzee?"

"Hiyo kadi. Siyo ya leo, ni kaka yake wa juzi. Lakini feni ni tatu."

Akavuta mfuko wa mbolea kutoka chini ya benchi, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye kitenge. Tukasogea kutazama. Kilikuwa cheusi, kirefu, kizito.

"Hii ni kadi au ni rejeta ya Fuso?" Grenda akauliza.

"Nimeipata kwa mpwa wangu Dastan, yuko Tunduma. Alikuwa anachimba sarafu za mtandaoni."

"Anachimba kwa jembe?" Damari akadakia.

"Kwa umeme."

"Akazipata?"

"Alipata bili. Ndiyo maana ameiachia. Nimempa nguruwe wawili."

Waziri akarudisha simu mfukoni. Wale nguruwe wote tunawajua. Walikuwa sita, na wote ni wa mkewe, Yusta, Mama Goodness. Yeye alikuwa Iringa mwezi mzima, amekwenda kumwangalia binti yao Goodness aliyejifungua. Jumamosi ndiyo siku ya kurudi.

"Mzee," Waziri akasema taratibu, "nguruwe wa Mama Goodness umewageuza feni?"

"Nisikilizeni. Goodness alipoolewa aliacha kompyuta yake ya gemu na kiusukani chake cha plastiki. Ndani kuna gemu la malori. Kuna vijana wameichora barabara yetu yote, wameipiga picha nyumba kwa nyumba, Tunduma mpaka Ruaha Mbuyuni. Ila kompyuta imezeeka. Nikifika Igawa tu, lori linaruka kama panzi. Nyumba zote zinaonekana kama mikate. Na mlima wa Kitonga humo kwenye gemu sijawahi kuushuka. Nikianza kona ya kwanza inaganda." Akalitazama goti lake. "Nimeushuka ule mlima miaka ishirini na saba. Siku ya mwisho sikujua kama ndiyo ya mwisho. Nataka niushuke tena, naona kona zote."

Hatukucheka. Yaani hatukucheka kwa muda wa kumeza funda moja la kahawa.

"Sasa si upande basi?" Waziri akasema. "Basi linakushusha Kitonga, na soda unapewa."

"Kwenye basi nakaa kama mzigo," Hendibreki akajibu.

Akaitwa Anord, fundi kompyuta wa mtaani kwetu. Jumatano kazi ikaanza mezani kwa Grenda. Anord akafungua kasha la kompyuta, akajaribu kuingiza kadi. Akaigeuza, akailaza, akaisimamisha. Ikazidi vidole vinne.

"Kasha dogo," akasema.

"Leta hapa," Grenda akasema, na kabla Anord hajamaliza kupiga kelele, cheche zikaruka. Ubavu mzima wa kasha ukaondoka. Kadi ikakaa, mkia ukiwa nje.

"Fungeni kitambaa chekundu huko nyuma," Waziri akashauri. "Mzigo umezidi bodi, trafiki watawakamata."

Anord akawasha. Feni zikazunguka mara moja, zikakata.

"Pawa saplai ndogo. Kadi inaomba umeme mwingi, hii haiwezi kuipa. Lakini msijali, kimebaki kitu kimoja tu."

Nguruwe wa tatu akaondoka siku hiyohiyo, na Anord akarudi kutoka sokoni Mwanjelwa na pawa saplai kubwa kama tofali. Alhamisi wakawasha, ikawaka, tukashangilia. Hendibreki akashika usukani. Lori likaruka kama panzi vilevile, ila sasa lilikuwa panzi anayeng'aa.

"Shida ni prosesa," Anord akasema. "Kadi inachora haraka, prosesa ni ya zamani, haiwahi kuipa kazi. Kadi imekaa tu inasubiri."

"Kwa hiyo tumefunga kichwa cha Scania kwenye mkokoteni wa ng'ombe," Waziri akatafsiri.

"Kaka, leo umeongea kitu cha maana. Tubadilishe prosesa. Kimebaki hicho kimoja tu. Ila prosesa mpya haikai kwenye madabodi ya zamani, lile bamba la kuipachikia."

"Basi ni viwili."

"Na madabodi mpya haikubali ramu ya zamani."

"Hicho kitu kimoja chako kina ukoo mkubwa, Anord!" Damari akasema.

Nguruwe wa nne na wa tano wakasafiri. Ijumaa jioni Anord akakaza skrubu ya mwisho, akajifuta jasho. Waziri akaizunguka ile mashine, mikono nyuma kama mkaguzi.

"Fundi, swali la nyongeza. Katika kompyuta ya Goodness, hapa kimebaki nini?"

"Kasha."

"Na kasha nimelikata," Grenda akakumbusha.

"Basi hamjaiboresha ya zamani. Mmenunua mpya mkaivisha shati lililochanika."

Anord akakasirika. "Kitaalamu inaitwa apgredi."

"Hata mke wa pili kuna wanaume wanamwita hivyohivyo," Damari akasema. "Nendeni majumbani mkajaribu."

Jumamosi saa tisa alasiri tulijaa wote karakanani. Skrini iliazimwa kutoka banda la kuonyeshea mpira. Hendibreki alivaa koti lake la kazi, la kampuni, lenye nembo iliyofifia. Akaanzia Ipogolo, pale Iringa. Jamani, ile picha! Barabara ilikuwa inang'aa kama imetoka kuoshwa na mvua. Ilula ukaona nyanya kwenye matenga, moja moja. Mzee alikuwa anacheka peke yake, anapungia madereva wasiokuwepo.

"Huyo anataka kunipita kwenye kona. Pita, baba, utafika wa kwanza mochwari."

Hapo ndipo kivuli kikaingia mlangoni. Mama Goodness, begi mkononi, vumbi la safari mwilini.

"Kamwene," akasalimia.

"Kamwene, Mama Goodness!" tukaitika kwa pamoja kama darasa la kwanza. Grenda akawasha mashine yake akawa anakata hewa.

"Baba Goodness," akasema, "nimepita nyumbani. Bandani kuna nguruwe mmoja, na ananiangalia kama shahidi wa kesi."

Hendibreki hakugeuka. Jasho lilikuwa linamtiririka shingoni. "Mama Goodness, karibu, pole na safari. Kaa hapo kushoto. Naingia Kitonga, hapa siwezi kusimama."

Labda ni ile sauti. Mama alikaa. Miaka ishirini na saba ya ndoa na malori, hajawahi kupanda lori la mumewe hata mara moja, kampuni ilikuwa imekataza abiria. Yeye Kitonga anaijua kwa basi, macho yamefumbwa, rozari mkononi, kama walivyomfundisha kwao Tosamaganga.

Lori likainama. Kushoto ukuta wa mwamba, kulia bonde lisiloonyesha mwisho.

"Hapa hukanyagi breki," mzee akasema kwa upole. "Ukikanyaga sana zinaungua. Unaweka gia ndogo, unaiacha injini ikushike."

"Kona!" Mama akashika benchi.

"Naiona."

"Kuna basi linapanda!"

"Nimeliona tangu kule juu. Tulia, mama."

Kona kwa kona wakashuka. Walipofika chini Mama Goodness alikuwa anahema.

"Ndiyo huu uliokuwa unaushuka na mafuta nyuma?"

"Ndiyo huu."

"Kila wiki?"

"Kila wiki. Mara nyingine usiku, na ukungu."

Mama akaachia benchi. Halafu akaweka mkono begani kwa mumewe, pale kwenye nembo iliyofifia. Mzee akapepesa macho haraka haraka. Damari akajifuta kwa kona ya kitenge. Waziri akaninong'oneza, "Tamko rasmi: nguruwe wamesamehewa."

Wakaingia Ruaha Mbuyuni. Picha ilizidi kuwa safi. Vitunguu vimening'inizwa barabarani, unaona hata maganda. Na hapo, tik-tak, tik-tak, tik-tak. Indiketa ya kushoto ikawaka.

Hapakuwa na njia panda. Hapakuwa na mizani wala kituo cha mafuta. Mzee alikuwa bado anamweleza mkewe habari za kupoza matairi, mkono wenyewe ulikuwa umeenda peke yake. Lori likapunguza mwendo, likaacha lami, likapita nyuma ya vibanda, likakata kulia, likaingia kinyumenyume kwenye uwanja wa nyumba moja yenye geti la bluu na pazia la maua dirishani. Likasimama katikati kabisa, bila kugusa ua.

Ndipo mzee akaona alipo. Akaachia usukani.

"Baba Goodness," Mama akasema.

"Naam."

"Hapa pana nini?"

"Hapa... tulikuwa tunapoza injini."

"Wote?"

"Baadhi yetu."

"Umeingia kinyumenyume, Baba Goodness. Kioo hujaangalia."

Damari akasema kahawa imeisha, na birika lilikuwa linamwagika. Waziri akapata abiria, simu yake haijaita. Grenda akatoka kwenye karakana yake mwenyewe bila kufunga mlango. Mimi nilikimbia na kiatu kimoja cha mteja, kingine nikakiacha mezani.

Jumapili hakuna aliyemwona mzee. Jumatatu asubuhi Hendibreki akaja taratibu, akakaa, mguu mbele. Mzima. Tukamkagua kwa macho kichwani, mikononi, hakuna plasta.

"Vipi nyumbani?" nikauliza.

"Salama."

"Alisema nini?" Waziri hakuweza kuvumilia.

"Hajasema neno. Kompyuta kaihamishia nyumbani na skrini ya kuazima, jana katoka misa, kakaa mbele yake. Kaniambia nimfundishe gia."

"Gia?"

"Anaendesha yeye. Kitonga kagonga mwamba mara nne. Ya tano kapita. Saa hizi anashuka hata mimi ananishinda, hana haraka kabisa."

"Na wewe umemwelezaje ile nyumba?"

"Nimemwambia ukweli. Ni mama lishe tu, alikuwa anatupikia ugali."

"Geti la bluu," Damari akasema, akimimina kahawa bila kumtazama, "pazia la maua. Huo ugali ulikuwa unaliwa kitandani?"

Kabla mzee hajajibu, Anord akatokea akikimbia, simu kaishika mbali na mwili wake. "Mzee, ni Mama Goodness. Anataka ushauri wa kitaalamu." Akabonyeza spika.

"Fundi," sauti ikasema, tulivu kabisa, "hivi kuna kadi kubwa kuliko hii?"

"Zipo, mama. Kwani hiyo inakwama?"

"Haikwami, inaenda vizuri sana. Nimefika kwenye ile nyumba, nimepaki. Nikisogea dirishani pazia nalihesabu mpaka nyuzi. Ila nyuma ya pazia ni giza. Nitafutie inayoonyesha ndani."