Uzinduzi wa Pini Arobaini

Waheshimiwa machifu, manaibu wa machifu, maimamu, wachungaji, wapiga picha wangu, na nyinyi wananchi wa kijiji cha Wema mliokaa chini kwa hiari yenu, itifaki imezingatiwa, hamjambo? (Hatujambo!) Hamjambo tena? (Hatujambo, lakini mto unapanda!)

Mimi, Mhandisi wa Heshima Tahir Faki, Mratibu Mkuu wa Kamati ya Tahadhari Dijitali ya Mto, mwana wa Kipini nisiyelima wala kuchunga na kwa hiyo nisiyependelea, nimekuja kuzindua rasmi kompyuta ndogo ya bodi moja, isiyozidi pakiti ya majani chai, inayotumia mfumo wa Linux, itakayopima maji ya Tana kila dakika kumi na kutuma habari hewani kwa waifai, ili king'ora kilie hapa Wema kabla mafuriko hayajaingia mashambani, kwa ufanisi wa asilimia mia moja na nne. (Makofi ya madereva wake.)

Kompyuta hiyo ina pini arobaini za kuunganishia vifaa. Wataalamu wakaniambia kipima maji kinahitaji nne tu. Nikakataa katakata! Mali ya umma itumiwe na kifaa kimoja, jamii zitazame? Tukafanya vikao kumi na tisa vya public participation, yaani kushirikisha umma, kule Hola, tukagawa pini ishirini kwa wakulima, ishirini kwa wafugaji, na, kama Katiba inavyotaka, pini za jinsia moja zisizidi theluthi mbili. (Kicheko.) Pini nambari moja, iliyozua maneno mengi, itakuwa ya zamu.

(Mama Sarah, mkulima, anasimama na simu: "Mheshimiwa, hiyo waifai naitafuta na siioni. Mahindi yangu iko hapo kando ya mto. King'ora italia, ama nivune mbichi leo?")

Swali zuri sana, mama, ndiyo maana sitalijibu kwa pupa. Mtandao tumeuficha kwa sababu za kiusalama. Hata mimi sijauona. Nywila yake iko kwa kamati ndogo, ambayo tutaiteua.

(Hiribae, mvuvi, anapiga kelele kutoka ukingoni mwa mto: "Mama Sarah! Maji imeingia kwa mahindi yako!")

Oda! Oda! Taarifa isiyopitia kwenye mfumo si taarifa! (Watu wanainuka. Mama Sarah anakimbia, leso mkononi.)

Tahadhari! (Watu wanakimbilia mashambani.) Dijitali! (Dereva mmoja: "Juu!")

Mwisho kabisa, nawashukuru mnaoondoka na mliokwisha kuondoka, kwa ukomavu wa kugawana pini zote arobaini bila ngumi hata moja. Umoja huo umenitia moyo sana, na nawaahidi, mwaka ujao wa fedha, inshallah, tutaanza kuulizia kompyuta yenyewe inauzwa duka gani.